Mama alianza kwa kusahau Kiingereza

Mama yangu alihamia Uingereza kutoka Unguja akiwa na miaka 49. Kwa zaidi ya miaka 20 Kiingereza chake kilimtosha kwenda sokoni, kuonana na daktari na kupiga soga na jirani. Demensia ilipoingia, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Akawa anamjibu jirani kwa Kiswahili na kukasirika kwamba jirani hamuelewi. Muuguzi wa kliniki ya kumbukumbu aliniambia kuwa hili huwatokea wengi waliojifunza lugha ya pili ukubwani: lugha ya utotoni ndiyo hubaki mwisho.

Naandika kwa ajili yenu mlioko England, ambao mzazi ameanza kupotea hivyo, na wazo la nyumba ya wazee limewapitia usiku mkalifukuza. Mimi nililifukuza miaka miwili. Mwisho mama alianguka, akalazwa, na wodi ikataka kitanda chake. Nilikuwa na siku sita za kuchagua, nikachagua vibaya. Baada ya miezi mitatu nikamhamisha tena, safari hii kwa mpango. Kwa hiyo nimeziona njia zote mbili.

Kwetu neno lenyewe linauma. Ukisema "nyumba ya wazee", mtu wa Unguja anafikiria Sebleni na Welezo, nyumba za serikali ambazo tangu utotoni tulizijua kuwa za wazee wasio na mtu. Kaka yangu aliyeko Muscat aliposikia alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mama ana watoto watano." Sikuwa na jibu. Mama alikuwa anaamka saa nane za usiku na kufungua mlango atoke. Mara mbili aliwasha gesi bila moto akaondoka jikoni. Mume wangu ana zamu za usiku, na mimi nilikuwa nimeanza kumfokea mtu aliyenizaa. Kuhusu ndugu, nawashauri msibishane kwenye WhatsApp. Mwambie anayepinga aje akae na mzazi wiki moja, yeye peke yake, usiku na mchana. Kaka alikuja. Siku ya nne alinikuta jikoni alfajiri akaniuliza, "Dada, wewe ulilala lini mara ya mwisho?" Hatukubishana tena, na mama alipohama yeye ndiye aliyetandika kitanda.

Jambo la kufanya mapema kuliko yote ni hati ya uwakili wa kudumu, ile inayoitwa LPA. Ziko mbili, moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na matunzo, na zote zinataka mzazi asaini akiwa bado anaelewa anachosaini. Wengi wanadhani daktari akishataja demensia mlango umefungwa. Sivyo. Sheria ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales inaanza kwa kumhesabu kila mtu mzima kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike kinyume, na uwezo huo unapimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mzazi anaweza kushindwa na hesabu za benki na bado akajua sawasawa ni mtoto gani anataka amsemee. Usajili huchukua wiki nyingi, basi usingoje. Mimi nilitengeneza ya fedha tu, ya afya nikaiahirisha. Siku ile ya hospitali nilisikilizwa kwa heshima, lakini kisheria neno la mwisho la wapi mama aende halikuwa langu. Uwezo ukishaondoka bila hati, anayetaka mamlaka hayo inabidi aende mahakamani kuomba usimamizi, na huko ni gharama na muda mrefu zaidi.

Pili, mkalimani. Kipimo cha kwanza cha kumbukumbu alikitafsiri mwanangu wa miaka 16, aliyezaliwa hukuhuku. Muuguzi aliuliza ni saa ngapi. Ilikuwa asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha kumi, na mama akasema "saa nne", kama alivyosema maisha yake yote. Mwanangu akatafsiri nne. Likaandikwa kosa. Akaulizwa ni msimu gani. Ilikuwa Novemba, akasema vuli, na kwetu Novemba ni vuli kweli. Mtoto hakujua vuli ni nini. Kosa la pili. NHS, huduma ya afya ya umma, inatoa mkalimani bila malipo, lakini uombe tangu unapopewa miadi, useme ni Kiswahili na, kama mama anaona haya, useme awe mwanamke. Mtoto wa nyumbani asibebeshwe kazi hiyo. Zaidi ya kukosea, anabaki na maneno ambayo hakupaswa kuyapitisha kinywani mwake kuhusu bibi yake.

Kuhusu pesa nitapita haraka, kwa kuwa kila nyumba ina hesabu yake. Kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako, inawajibika kumpima mtu yeyote anayeonekana kuhitaji matunzo, awe na pesa au hana, na wewe unayemtunza una haki ya kupimwa mahitaji yako pia. Haya yamo katika sheria ya mwaka 2014. Hapa England, mwenye akiba na mali zaidi ya paundi 23,250 hujilipia mwenyewe. Chini ya 14,250 akiba yake haiguswi, ila pensheni na mapato mengine huhesabiwa. Nyumba anayoimiliki huhesabiwa anapohamia kwa kudumu, isipokuwa mwenza wake au jamaa wa aina fulani bado anaishi humo, na kwa kawaida wiki 12 za mwanzo haihesabiwi. Usimshauri mzazi akuandikie nyumba ili kuikwepa hesabu hiyo. Kaunsili ikiona ndiyo nia, itaihesabu vilevile. Kama mahitaji yake makubwa ni ya kiafya, omba apimwe kama NHS italipa gharama yote. Na kama mzazi aliletwa kwa viza ambayo mtoto ameahidi kumtunza bila fedha za umma, onana na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote. Usisaini peke yako karatasi ya kuongezea malipo ya kila wiki, pale bei ya nyumba inapozidi kile kaunsili inacholipa. Ile ni ahadi ya miaka, na ndugu wote wakae waiangalie.

Sasa kuchagua nyumba. Nyumba zote za wazee za England zinakaguliwa na CQC, tume inayosimamia ubora wa matunzo, na karibu kila moja ina daraja, kuanzia bora kabisa hadi isiyotosheleza. Soma ripoti yenyewe, usiishie kwenye daraja. Kisha nenda mwenyewe, na uende wakati wa magharibi. Nasisitiza saa hiyo. Wengi wenye demensia huchafukwa jua linapozama: wanataka kwenda kwao, wanatafuta watoto, wanalia. Mama yangu, aliyelelewa kwamba magharibi watoto wote wawe ndani, alikuwa akitaka kutoka kututafuta. Desemba huku jua huzama kabla ya saa kumi za jioni. Ile nyumba ya kwanza niliitembelea asubuhi, nikakuta muziki na keki. Sikuiona jioni, wahudumu wawili wakihangaika na chumba kizima.

Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi. Uliza kama mwanamke ataogeshwa na mwanamke kila siku, au ni siku yule muhudumu akiwepo tu. Uliza nyama inanunuliwa wapi na inapikwa kwenye sufuria gani. Uliza kama kopo la maji linaweza kukaa chooni, maana mtu aliyejitawadha kwa maji miaka 70 hawezi kufundishwa karatasi leo, na hana sababu ya kufundishwa. Meneja aliyesikiliza swali langu la kopo na kuliandika ndiye niliyempa mama yangu.

Utaona pia mlango una namba za siri. Usiogope, lakini uliza. Mtu asiye na uwezo wa kuamua, anayeangaliwa muda wote na asiyeruhusiwa kutoka mwenyewe, lazima nyumba imwombee kibali rasmi kaunsili. Una haki ya kujua kama kimeombwa na kwa nini.

Lakini kama kuna kitu kimoja tu utakachokifanya baada ya kusoma haya, basi andika karatasi ya mzazi wako, ya kuwaeleza wahudumu yeye ni mtu gani. Alzheimer's Society, shirika la hisani la demensia, wana karatasi nzuri ya kujaza, nayo ichukue. Halafu ongeza ya kwako, kwa sababu hakuna fomu iliyotungwa na mtu wa huku itakayokuuliza ninayotaka kukueleza sasa.

Mama hasemi "choo". Watu wa umri wake na malezi yake wanasema "msalani". Katika ile nyumba ya kwanza alikuwa ananyanyuka kitini anaita, "Msalani! Msalani!" Wakadhani anamwita mtu. Wengine walidhani anasali. Walimketisha kwa upole, wakamshika mkono, na mama akajikojolea mbele ya watu. Baada ya wiki chache faili lake likaandikwa kuwa hawezi kuzuia mkojo, akavalishwa pampasi mchana na usiku. Mama yangu alikuwa anajua kabisa anataka kwenda wapi. Alikuwa anasema. Hakuna aliyekuwa na neno moja la Kiswahili. Mimi nilikuwa nimewaandikia dawa zake, mzio wake na namba zangu tatu za simu. Neno hilo sikuwaandikia.

Karatasi niliyoiandikia nyumba ya pili ilikuwa na maneno kumi na mbili, kila moja limeandikwa jinsi linavyotamkwa, likabandikwa ndani ya mlango wa kabati. Msalani, maji, baridi, inauma, njaa, nimechoka, wapi, na mengine. Niliandika kwamba saa zake zinatofautiana na zao kwa saa sita, hivyo akisema saa mbili asubuhi hajachanganyikiwa. Niliandika kuwa asiitwe kwa jina lake tupu na kijana wa miaka 20, aitwe Bibi. Kwamba akisema anataka kwenda kwetu asiambiwe "hapa ndipo kwenu", aulizwe habari za kwetu na apewe kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki. Kwamba akiguswa kichwani bila mtandio atapiga kelele. Kwamba redio ya Zanzibar inapatikana kwenye tabuleti yake, na akichafukwa awekewe taarabu ya Culture Musical Club, sauti ndogo.

Vitu vyake pia vina mpango. Kanga zishonewe jina, zote, kwa sababu nguo zote hufuliwa pamoja. Dhahabu ibaki nyumbani, avae bangili za bei ndogo zinazofanana. Udi hauwezi kufukizwa kwa ajili ya king'ora cha moto, ila marashi ya waridi kwenye mto yalimtuliza kuliko nilivyotegemea. Tulipanga kitanda na mswala kwa kufuata kibla. Kuhusu Ramadhani nilikuwa na wasiwasi kwa sababu ya vidonge vyake, nikamwendea sheikh, akanieleza kuwa aliyeondokewa na akili hana faradhi ya kufunga. Muulize wa kwako mapema, ili jibu liwepo kabla ya mwezi kuandama.

Siku ya kuhama mara ya kwanza nilimdanganya. Nilimwambia tunakwenda kumtazama mgonjwa. Akavaa vizuri, akachukua mkoba. Tulipofika alikaa kwa adabu kama nusu saa, kisha akanyanyuka: "Haya, tushamuona, twende zetu." Kwa siku nyingi baadaye, wahudumu waliniambia, alikuwa anakaa karibu na mlango na mkoba wake mapajani. Sitasahau. Mara ya pili nilimwambia, "Mama, leo tunalala nyumba nyingine, na mimi nipo." Niliirudia kila alipouliza, maneno yaleyale, bila maelezo marefu. Tulifika saa tano asubuhi ili ale chakula cha mchana na apate muda kabla ya magharibi. Chumba kaka alishakipanga siku iliyotangulia, na shuka zilikuwa zake, zenye harufu ya nyumbani.

Baadhi ya nyumba huwaambia ndugu wasije wiki ya kwanza ili mzee azoee. Mimi sikukubali. Mtu asiyejua lugha ya waliomzunguka haachwi peke yake azoee. Tulipokezana kila jioni kwa wiki tatu, na kaka akapiga simu ya video kutoka Muscat kila baada ya isha.

Kisha kuweni macho. Ombeni apimwe uzito kila mwezi. Nyumba ya kwanza alipungua kilo nne kabla hatujagundua. Na akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akawa anaona vitu au hasimami, usikubali kuambiwa ni demensia inaendelea. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, haja kubwa iliyoganda au maumivu ambayo hawezi kuyaeleza. Sisitiza daktari amuone siku hiyohiyo.

Pampasi za mchana ziliondolewa mwezi wa pili katika nyumba ya sasa. Jumapili iliyopita nilifika kabla tu ya magharibi, nikasimama mlangoni bila kuonekana. Muhudumu wake, dada mmoja kutoka Kerala, alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti chake anamfunga viatu. Akainua uso akamuuliza, "Msalani, Bibi?"

Mama akamshika bega. "Bado, mwanangu," akasema. "Nitakwambia."