Windows 10 imefika mwisho: tubaki, tupande au tuhame?

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bure, maswali yanayonifikia kutoka Igoma, Mwanza, hadi Nansio, Ukerewe, ni ya namna moja. Nimechagua machache, nimeyafupisha, na majina nimewaachia wenyewe.

Mwanangu, habari za kazi? Nina steshenari hapa Igoma. Laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3, na siku hizi inaleta tangazo linaloziba kioo kizima kuniambia Windows 10 imeisha. Fundi anataka elfu 40 anipigie Windows 11, anasema nikichelewa mashine itajifunga yenyewe. Ni kweli?

Shikamoo mama. Haijifungi. Itawaka kesho kama ilivyowaka leo, itachapa, itafungua Word. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Likigunduliwa tundu jipya la wezi kupenyea, mwenye Windows 11 anazibiwa, wewe unabaki nalo wazi. Na kazi yako haitaki mchezo: kwenye laptopu hiyo watoto wa watu wanaomba mkopo wa chuo, wanajaza maombi ya ajira, wanaandika nywila zao. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tangu Machi. Wale walipewa kiraka wakakaa nacho. Wewe, usipojiandikisha kama nitakavyoeleza, hutapewa kabisa.

Sasa tuje kwa fundi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Kwenye mstari wa Processor utaona kitu kama i5-6300U. Angalia namba iliyo baada ya kistari: 6300 ni kizazi cha sita, 8350 ni cha nane, 10210 ni cha kumi. Kwa prosesa za Intel, ukiacha chache sana, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, na inataka pia TPM 2.0, yaani kichipu kinachotunza funguo za siri za mashine. Kwa hiyo 840 G3 na G4 zimeachwa nje. G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita, na ikipita kupanda ni bure kwa mwenye Windows 10 halali.

Fundi anaweza kuilazimisha. Ipo programu inaitwa Rufus, inatengeneza flashi isiyouliza maswali hayo, na Windows 11 itawaka vizuri tu. Ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo, na toleo kubwa jipya likitoka kila mwaka kwa kawaida halitakuja lenyewe, itabidi ulazimishe tena. Yaani fundi utamwita tena na elfu 40 nyingine.

Kabla ya hapo fanya hivi: fungua Settings, ingia Windows Update, tafuta maneno "Enroll now". Microsoft imeongeza muda wa viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Lazima uwe na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, hulipi kitu. Usipokubali, ni dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Maneno hayo yasipoonekana, huenda Windows 10 yako ni toleo la zamani: ipandishe kwanza hadi 22H2, nayo ni bure. Muda huo ukiisha, ama unauza G3 na kuongezea upate G5, ama unahama kama nitakavyomjibu mwenye duka hapa chini.

Kaka, nipo chuo, nimepanga Malimbe. Nilipandisha kwenda Windows 11, mashine inakubali kabisa, kizazi cha nane, RAM GB 4. Sasa nikiiwasha naweza kwenda kununua vitumbua nikarudi bado haijafunguka. Nirudi Windows 10?

Usirudi, mdogo wangu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, uangalie Disk. Nina uhakika wa karibu wote kwamba utakuta imeandikwa HDD na asilimia imeganda kwenye 100. Hiyo ni diski ya kuzunguka, ya zamani, na Windows ya sasa inasoma na kuandika vitu vidogo vidogo maelfu kwa mara moja. Sindano moja inayokimbia huku na huku juu ya sahani haiwezi kuimudu.

Tatizo hili ndilo ninaloliona kuliko yote, na ndilo linaloniudhi, kwa sababu mafundi wengi wanalitibu kwa kupiga Windows upya. Mashine inakuwa nyepesi wiki mbili, kisha inarudi palepale, na mwenye mashine analipa tena. Dawa ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Ya GB 256 inatosha kwa mwanafunzi. Fungua mfuniko wa chini, au mwambie fundi aufungue mbele yako, ujue nafasi iliyopo ni ya SATA ya inchi 2.5 au ya M.2, usije ukanunua kisichoingia. Ukiwa dukani, omba ichomekwe kwenye kompyuta na ifunguliwe CrystalDiskInfo: inaonyesha saa ambazo diski imeshatumika na afya yake. "Mpya" yenye saa elfu tano si mpya, hata kama imefungwa kwenye nailoni.

Baada ya SSD, RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu ulizofungua hukaa. Microsoft inasema GB 4 zinatosha kwa Windows 11. Zinatosha kuiwasha. Ukifungua Chrome yenye kurasa kumi, Word ya tasnifu na mkutano wa Zoom, unahitaji 8. Pesa ikiwa ya kimoja tu, nunua SSD, RAM isubiri boom la mkopo.

Nina duka la nyavu na vifaa vya uvuvi Kirumba. Rafiki yangu amehamia Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, na hanipumzishi, kila siku ananiambia nihame. Hesabu zangu zote ziko QuickBooks ya kwenye kompyuta. Nihame?

Na hesabu hizo, hapana. QuickBooks ya kwenye kompyuta haikutengenezwa kwa Linux, na kuizungusha kwa ujanja ujanja kwenye mashine inayoshika madeni ya wavuvi ni kutafuta ugomvi soko la samaki la Mwaloni.

Lakini rafiki yako hajakosea kuisifu. Mint ni ya bure, haidai kizazi cha nane wala TPM, na toleo la 22 linapata masasisho hadi 2029. Mashine iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kufanya kazi nayo miaka kadhaa. Kitu cha kujiuliza ni kimoja: unatumia programu zipi? Chukua karatasi, na kwa wiki moja andika kila unachokifungua. Ukikuta ni Gmail, WhatsApp Web, benki ya mtandaoni na barua za Word, unaweza kuhama. Ukikuta kuna QuickBooks ya kusakinisha, AutoCAD, Photoshop, au faili la Excel lenye makro alizotengeneza mhasibu, baki Windows na utafute mashine inayostahili. Nimeona watu wengi wanaanza na mfumo, wanaingia gharama, halafu ndipo wanagundua kazi yao haimo.

Kwa barua za kawaida Mint inakuja na LibreOffice. Inafungua na kuhifadhi faili za Word. Haina Times New Roman yenyewe, ila inaweka Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo kurasa hazihami sana. Majedwali magumu na vichwa vya barua vyenye picha ndivyo vinavyopinda. Barua ya zabuni itume kwa PDF.

Kabla ya kuamua lolote, jaribu bila kugusa diski. Rafiki yako akupe flashi yenye Mint. Ichomeke, washa mashine huku ukigongagonga F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo, kisha uchague flashi. Mint itawaka kutoka humo, polepole kidogo. Unganisha Wi-Fi, cheza video, halafu, na hili wengi hulisahau, chapa ukurasa mmoja kwenye printa yako. HP nyingi hukubali mara moja. Baadhi ya Canon ndogo za leza husumbua hadi ukate tamaa, na ni heri ukate tamaa kabla Windows yako haijafutwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Ukerewe. Tumepata kompyuta za msaada zenye Windows 7, RAM GB 2, na chumba hakina intaneti. Zinafaa au ni mzigo?

Zinafaa, mwalimu. Windows 7 iliachwa Januari 14, 2020, lakini pasipo intaneti adui wenu mkubwa ni flashi za wanafunzi. Unakijua kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shortcut: mtu anabonyeza akidhani anafungua kazi yake, kumbe anakiendesha. Kwenye Linux hakipati pa kukanyaga, kwa kuwa kimeandikwa kwa ajili ya Windows, na mafaili ya mtoto ambayo kirusi kimeyaficha kwa kawaida utayaona yapo hapohapo.

Weka Mint ya Xfce, ndiyo nyepesi. GB 2 ndicho kiwango cha chini, na zikifika 4 zinapumua. Ukiwa na mashine zilizokufa, toa RAM zake uongezee kwenye zilizo nzima, mradi aina ifanane, DDR3 kwa DDR3. Hakikisha kwanza prosesa ni ya biti 64. Core 2 Duo ni ya biti 64, usizitupe.

Ila usibadilishe zote. Mtihani unapouliza hatua za kufanya jambo kwenye Word au Excel, mwanafunzi aliyezoea LibreOffice peke yake atababaika. Acha mbili au tatu na Windows kwa mazoezi hayo, na flashi zisizotoka chumbani. Kwenye zile za Linux weka Kiwix: inabeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, na watoto wanaisoma bila bando hata la mia tano.

Windows ya fundi siku zote ni ya bure, anaweka na kile kiprogramu cha kuiamsha. Kuna ubaya gani?

Kiprogramu hicho, kabla hakijafanya kazi, kinakutaka uzime Defender, mlinzi wa Windows dhidi ya virusi. Mgeni anayeomba umfungie mbwa kwanza ndipo aingie ndani, utamwachia nyumba? Vingi vya aina ya KMSpico vinavyozagaa vimeshikishwa virusi vya kuiba nywila. Tena mara nyingi huvihitaji. EliteBook, Latitude au ThinkPad iliyouzwa na Windows kiwandani tangu enzi za Windows 8 huwa na ufunguo wake kwenye ubao mama. Ukiweka toleo lilelile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Ukiona haijitambui, uliza kwanza kama fundi ameweka Pro palipokuwa na Home.

Nafanya muziki, Buhongwa. Nimepata MacBook Pro ya 2015 kwa bei ya kutupa. Nihamie Mac?

Acha. Hiyo inaishia macOS Monterey, ambayo Apple haiitolei tena viraka. Na Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, kwa hiyo hata ya 2019 inakuja kuachwa. Kama ni lazima iwe Mac, kusanya pesa ununue yenye M1, chipu ya Apple yenyewe, ya mwaka 2020 kuendelea, na uangalie RAM kabla hujalipa, maana haiongezeki.

Nimeshaamua kupanda Windows 11. Bando langu dogo na umeme wetu mnaujua. Nianzie wapi?

Faili la Windows 11 linazidi GB 5, Mint inakaribia 3. Tumia bando la usiku, na lishushe kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye kikundi cha Telegram. Likishakuwa kwenye flashi utalitumia kwa mashine zote za ukoo. Ukimaliza, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, washa "Metered connection", ili masasisho yasinywe bando bila kukuuliza. Halafu usisahau kuyaruhusu siku ukiwa kwenye intaneti ya ofisini. Kuhusu umeme: betri ya laptopu iwe inakaa, siyo ile inayozima ukichomoa waya. Kompyuta ya mezani bila UPS usianze kabisa.

La kuogopa zaidi ni mafaili. Watu wanahamishia kila kitu D wakiamini huko fundi hafiki. C na D mara nyingi ni vipande viwili vya diski ileile, na ukichagua kufuta diski yote, vinaondoka pamoja. Nakili nje ya mashine: Desktop, Documents, Downloads, picha, na hifadhi ya programu yako ya hesabu, ambayo mara nyingi imejificha folda jingine kabisa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari, kwa sababu mashine inaweza kuudai baada ya mtu kugusa mipangilio ya TPM. Kisha chukua hiyo diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, fungua faili mbili tatu uone zinafunguka. Zikifunguka, mwite fundi.