Kiraka changu cha Linux hakijibiwi, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma kompyuta mwaka wa tatu, Mbeya. Nilikuta kasoro kwenye kiendeshi kimoja cha kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wenyewe): kumbukumbu inaombwa, halafu hatua inayofuata ikishindikana, msimbo unatoka bila kuiachia. Nikarekebisha. Kwa kuwa faili lenyewe lilikuwa vurugu, nikalipanga lote upya, kisha nikatuma ombi la kuunganisha kwenye ukurasa wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ulioko GitHub. Huu mwezi wa pili, kimya. Au ni kwa sababu sijulikani?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekudharau, mdogo wangu, ila hakuna aliyekusoma. Ukurasa ule wa GitHub ni nakala tu ya ghala la kerneli, na maombi ya kuunganisha hayapokelewi pale. Miradi mingi ingekupokea kwa njia hiyohiyo uliyotumia, lakini kerneli ina mlango wake: kiraka, yaani faili la mabadiliko ya msimbo, husafiri kwa barua pepe, kikaenda kwa msimamizi wa sehemu husika na kwenye orodha ya barua pepe ya sehemu hiyo. Linus mwenyewe kiraka humfikia mwishoni, kupitia wasimamizi wake.

Ila hata ungepita mlango sahihi, nadhani ungerudishwa. Marekebisho yako halisi ni mistari miwili au mitatu, nawe umeyafukia ndani ya faili zima lililopangwa upya. Anayekagua atayatafutaje? Msimamizi ana viraka vingi mezani, na kile anachoweza kukielewa kwa dakika tano ndicho anachokishika kwanza. Kiraka kimoja, jambo moja. Rudi kwenye tawi safi (nakala ya msimbo isiyo na mabadiliko yako), ikiwezekana la ghala la msimamizi mwenyewe (limetajwa kwenye faili la MAINTAINERS), uweke yale ya kumbukumbu peke yake.

Halafu maelezo. Hapa ndipo wanafunzi wengi huandika nusu mstari, “nimerekebisha kasoro”, basi. Andika kwa Kiingereza chepesi: njia ipi ya msimbo inavujisha kumbukumbu, inatokea lini, na kwa nini dawa yako ni sahihi. Kama unaijua komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye git) iliyoleta kasoro, itaje kwa mstari wa Fixes: wenye herufi 12 za mwanzo za namba yake. Kichwa kianze na jina la sehemu husika. Piga git log --oneline kwenye faili hilo uone wenzako wanavyoandika, uige.

Weka komiti kwa git commit -s ili mstari wa Signed-off-by uingie. Usiuchukulie kama pambo. Utaratibu huo ulianza 2004, baada ya mivutano ya mahakamani kuhusu msimbo wa Linux ni mali ya nani, na kwa kuuweka unathibitisha kuwa una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Tumia jina unalojulikana nalo.

Sasa git format-patch -1 itakupa faili la kiraka. Lipitishe kwenye scripts/checkpatch.pl inayokagua mtindo wa uandishi, kisha scripts/get_maintainer.pl ikutajie wa kuwaandikia. Tuma kwa git send-email. Usinakili kiraka ukakibandika kwenye Gmail ya kivinjari! Inageuza tabo kuwa nafasi, na kiraka kikifika hakishiki. Mimi kiraka changu cha kwanza kiliharibika hivyohivyo, nikaambiwa mbele ya orodha nzima. Kama anwani yako ni ya Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili, utengeneze nywila ya programu, uipe git send-email.

Ukishatuma, tulia. Usikumbushe kabla ya wiki moja kupita, na wakati wa dirisha la kuunganisha, zile wiki mbili baada ya kila toleo jipya, subiri zaidi. Ukikosolewa, jibu chini ya kila hoja, si juu ya barua nzima. Kisha tengeneza toleo la pili kwa git format-patch -v2 -1, na ulichobadilisha ukiandike chini ya vistari vitatu ---. Hapo wakaguzi watakisoma lakini hakitaingia kwenye historia.

Lile la kulipanga faili upya liweke kando hadi hiki kipite. Hata hivyo, muulize msimamizi kwanza kama analitaka.