Waarabu mtandaoni: maswali yenu ya wiki hii

Mpwa wangu anasoma Cairo. Meseji zake zimejaa tarakimu katikati ya maneno: "7abibi", "3arabi". Ni mafumbo? (Msomaji, Tanga)

Si mafumbo. Uandishi huo unaitwa Arabizi. Miaka ya 1990 simu na kompyuta nyingi zilikuja na herufi za Kilatini peke yake, na Kiarabu kina sauti ambazo herufi hizo hazibebi. Vijana wakajitafutia njia: 3 ni ain iliyogeuzwa, 7 ni ha ya kooni, 2 ni hamza, na 5 ni kha, herufi inayoanzia neno khamsa, yaani tano. Mpwa wako anaandika habibi na arabi, basi. Leo kibodi ya Kiarabu imo katika kila simu, lakini mazoea hayajafa. Wapo wanaolalamika kwamba lugha inaharibiwa. Sikubaliani nao: kwa njia hiyo vijana waliandika lahaja za nyumbani kwao, ambazo hazikuwahi kuwa na tahajia rasmi.

Ni kweli Facebook ndiyo iliyowaangusha marais Ben Ali wa Tunisia na Mubarak wa Misri? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hapana, na kusema hivyo ni kuwadhulumu waliokufa barabarani. Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa Sidi Bouzid, Tunisia, alijichoma moto tarehe 17 Desemba 2010. Vyombo vya habari vya nchi vilibanwa, YouTube ilikuwa imefungwa kwa miaka, ila Facebook ilikuwa wazi. Wenyeji walirekodi maandamano kwa simu zao, video zikapita huko, kisha televisheni ya Al Jazeera ikazichukua na kuzirusha hewani. Hapo hata bibi asiyejua intaneti ni nini akaona. Matawi ya chama cha wafanyakazi, UGTT, yakaingia kwa migomo. Tarehe 14 Januari 2011 Ben Ali akakimbia.

Misri ilikuwa na jeraha lake. Juni 2010 polisi walimpiga hadi kufa kijana Khaled Said mjini Alexandria. Picha ya uso wake uliovunjwavunjwa ilisambaa, na ukurasa wa Facebook uliobeba jina lake ukawa miongoni mwa walioita maandamano ya 25 Januari. Usiku wa kuamkia tarehe 28 serikali ikakata karibu intaneti yote ya nchi. Siku hiyo, bila mtandao, watu walimiminika mitaani kuliko siku zote zilizotangulia! Intaneti ilirudi 2 Februari. Mubarak akaondoka tarehe 11. Mtandao uliwaonyesha watu kwamba hasira yao ina wenzake. Kutoka nje walitoka wenyewe.

Niliona posti za Kiarabu zisizo na nukta hata moja. Kwa nini? (Ustadh wa madrasa, Lamu)

Ilikuwa Mei 2021, familia za Kipalestina zilipokabiliwa na kufukuzwa majumbani mwao mtaa wa Sheikh Jarrah, Jerusalem. Machapisho mengi kuhusu jambo hilo yalifutwa. Instagram ilizuia hata hashtegi ya al-Aqsa, baada ya neno hilo kuingizwa kimakosa katika orodha ya marufuku. Watu wakaondoa nukta. Wewe ustadh unajua: be, te na the zikivuliwa nukta ni umbo moja. Binadamu anasoma kwa muktadha, programu ya ukaguzi inapotea. Misahafu ya kale kabisa iliandikwa karibu hivyo. Ripoti iliyoagizwa na Meta yenyewe, kampuni yenye Facebook na Instagram, iliyotoka Septemba 2022, ilikubali kwamba Kiarabu kilifutwa kupita kiasi kuliko Kiebrania.

Kaka yangu anakwenda kufanya kazi Saudi Arabia. Anapenda kubishana siasa mtandaoni. Nimwambie nini? (Msomaji, Mombasa)

Mwambie aache kabla hajapanda ndege, na asidhani kuwa na wafuasi wachache kutamkinga. Salma al-Shehab, Msaudia aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, alikamatwa Januari 2021 akiwa likizo nyumbani. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilimhukumu miaka 34 kwa sababu ya tweeti zake. Adhabu ilipunguzwa baadaye, lakini alitoka gerezani 2025 tu. Naumia kumshauri mtu anyamaze, ila sitamdanganya anayeuliza.

Dada yuko Dubai, WhatsApp haipigi. (Msomaji, Unguja)

Kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa Falme za Kiarabu. Meseji na sauti za kurekodi zinapita. Wekeni nyote wawili Botim, programu ya kupigia simu ambayo inaruhusiwa huko. Asikimbilie VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao; inaweza kumletea kesi.