Tatizo siyo ubishi, ni friji

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kwa nini watu wa mabondeni hawaondoki hata wakipewa tahadhari ya mafuriko na nini kifanyike. Mi ni mpangaji Kigogo hapa Dar, upande wa kushukia bonde la mto Msimbazi, kazi yangu kushona nguo, naomba nijibu kwa kirefu maana jibu la kifupi wote mnalo tayari: wabishi, wamezoea, wanasubiri fidia. Kila masika ni hilo hilo.

Kwanza tuelewane, habari ya kutojua haipo. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa taarifa, kuna angalizo, kuna tahadhari, kuna tahadhari kubwa, na rangi zake kabisa, inasomwa kwenye tv na redio, asiye na bando atasikia kwa jirani. Shida ni kile kinachosemwa. "Baadhi ya makazi kuzungukwa na maji." Makazi yapi sasa? Na wanatuambia mvua kubwa ni ile ya kupita milimita 50 ndani ya saa 24, sawa, ila sisi huku maji hayaletwi na mvua ya kwetu peke yake, yanaletwa na iliyonyesha Pugu na Kisarawe, unaweza ukawa umekaa kibarazani unaona manyunyu tu kumbe mto unapanda. Wenyeji huku hawaangalii mawingu, wanaangalia maji yamebadilika rangi lini na yanashusha nini, ukiona magogo na viroba vya taka vinapita kwa kasi ujue tayari.

Basi tuseme umejua. Unaenda wapi, na vitu unamwachia nani?

Hapo ndo penye ishu yote na sijaona mtu anaiongelea. Mtu wa huku hana hela benki, hela yake ni friji anayouzia barafu na juisi, ni cherehani, ni jiko la gesi la mama ntilie, ni godoro alilolipia kidogokidogo kwa mwezi. Ukimwambia aondoke aokoe maisha yake anakuangalia tu, kwa sababu akitoka mikono mitupu akirudi akakuta cherehani haipo hayo maisha aliyookoa atayaendesha na nini. Na hapo hujaongelea vibaka, mafuriko kwao ni msimu. Usiku wa maji mwenye guta, ile baiskeli ya miguu mitatu ya mizigo, anapandisha bei, kirikuu, yaani kipikapu kidogo, ndo usiseme, wengi wanaishia kupanga tofali, kitanda juu ya tofali, meza juu ya kitanda, friji juu ya meza, watoto na mama yao wanatangulizwa kwa ndugu Mbagala, baba anabaki analinda. Huyo baba ndo mnamwona kwenye tv kesho yake yuko juu ya bati mnasema mbishi.

Desemba 2011 ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ya kupita milimita 150 kwa siku moja, tukaambiwa haijawahi kunyesha ya namna hiyo Dar tangu 1954, zaidi ya watu 40 walikufa mji mzima. Baada ya pale serikali ikagawa viwanja Mabwepande, huko karibu na Bunju, ni jambo jema siwezi kulibeza, lakini mtu anayebeba mizigo Kariakoo ukimpeleka Mabwepande nauli inakula siku yake, wengine walirudi mjini. Halafu kiwanja kinamhusu mwenye nyumba. Mpangaji ambaye leo yuko Kigogo kesho Tandale keshokutwa Mchikichini, anafuata chumba cha bei anayoiweza, na chumba cha bei anayoiweza kipo bondeni, huyo ukimhamisha anaingia mwingine kabla ukuta haujakauka.

Kuna nchi imeshapita njia hii na mi naipenda sana habari yake. Bangladesh. Novemba 1970, kabla hata hawajawa nchi, kimbunga cha Bhola kiliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi, usiku mmoja. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea, serikali pamoja na Hilali Nyekundu, sasa hivi ni zaidi ya 70,000 na karibu nusu ni wanawake. Wanapandisha bendera kulingana na hatari, wanapita mlango kwa mlango na vipaza sauti, na siyo wageni, ni majirani. Ila kilichonivutia mi siyo bendera. Ni kwamba walijenga majengo ya kukimbilia na watu bado wakawa hawaji, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ng'ombe! Mtu haachi ng'ombe wake wafe aende akakae salama halafu kesho awe fukara. Wanawake nao walikuwa wanaogopa kurundikwa chumba kimoja na wanaume, vyoo hakuna. Badala ya kuwaita wabishi wakajenga sehemu za kuweka mifugo, wakainua vilima vya udongo kwa ajili ya wanyama, wakaanza kutenga vyumba vya wanawake. Kimbunga cha 1991 bado kiliua kama 138,000, lakini kimbunga Sidr cha 2007 kikaua elfu tatu na kitu. Bado ni watu wengi, ila linganisheni wenyewe na hiyo 1970.

Friji yetu ndo ng'ombe wao.

Na siyo kwamba sisi hatutii maagizo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja, boti za Zanzibar zilisimama, wavuvi waliambiwa wasitoke, na wengi hawakutoka, kwa sababu waliambiwa kitu cha kufanya: usiingize chombo majini. Sisi tunaambiwa "chukueni tahadhari". Tahadhari unaichukua wapi, dukani?

Kwa hiyo nini kifanyike. Sitaki kuongelea sana mradi wa Bonde la Msimbazi wa kupunguza mafuriko, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, na daraja jipya la Jangwani, ni mambo makubwa na yanahitajika, kila mtu anajua barabara ya Morogoro pale Jangwani ikifungwa mji unagawanyika vipande na mabasi ya mwendokasi yanaogelea. Mi naongelea mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitaja kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, basi ya kwetu ifanye kazi kabla ya maji, siyo kuja kuandika majina ya waathirika na kugawa unga.

Ichaguliwe shule iliyo juu, vitengwe vyumba viwili vya vitu, daftari liwepo, kila kitu kiandikwe jina, walinzi wawe polisi jamii wanaotujua kwa sura. Ufunguo ukae kwa mtu anayelala hapa hapa mtaani, maana ikifika saa nane usiku huwezi kumtafuta mwalimu mkuu anayeishi Kibaha. Mjumbe aandike na wapangaji, siyo wenye nyumba tu, ajue chumba gani kuna mgonjwa, kuna mjamzito, kuna bibi asiyeweza kutembea, na nani atambeba, kwa jina. Wenye guta wafanyiwe mkataba mapema, walipwe na mfuko wa mtaa kwa bei ya kawaida. Nguzo ya daraja ipakwe rangi, maji yakigusa mstari fulani vitu vinaanza kutoka, hakuna mjadala. Na mtu wa huko juu Pugu awe na namba zetu, simu moja tu inatosha.

Mitaro nayo, watu wanasema hatuwezi. Hananasif, mtaa wa Kinondoni, miaka ya tisini wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua kwa kulipwa vibarua kupitia mradi, kuanzia 1994, kabla sijajua hata kushika sindano. Na kuanzia 2015 vijana wa vyuo, wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa ramani wa Ramani Huria walipita na simu mitaani wakichora mitaro na nyumba pamoja na wakazi, kwa hiyo ramani zipo. Sijui kwa nini tunaanza upya kila mwaka. (Na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, jamani, maji hayo wanaokanyaga ni watoto wetu, kipindupindu cha 2015 mmeshasahau?)

Najua mtu atauliza, vitu vikiibiwa pale shule nani atalipa. Swali zuri, na mi mwenyewe ningeliuliza. Nataka tuligombanie kwenye mkutano wa mtaa jua likiwa linawaka, siyo maji yakiwa magotini. Mi napendekeza tuanze na vitu vya kazi tu, cherehani, friji, majiko, zana za mafundi. Makochi na makabati yasubiri, tuone kwanza kama daftari linafanya kazi.

Fundi cherehani, Kigogo, Dar es Salaam