Kwa nini testi zinapita Mtwara na kufeli Lindi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza programu ya kuandaa orodha za malipo ya wakulima wa korosho kwa ajili ya AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mimi nipo Mtwara mjini na ninatumia Ubuntu. Mwenzangu yupo Lindi na anatumia MacBook. Testi zetu, yaani majaribio ya kuhakiki programu, ni skripti za sheli (mafaili ya amri) zinazoita sed ya kuhariri maandishi, wc ya kuhesabu mistari na sort ya kupanga orodha. Kwangu zote zinapita, lakini kwake 3 zinafeli. Ya kwanza inatoa ujumbe `sed: 1: "mizani.csv": invalid command code m`. Ya pili inadai kwamba idadi ya mistari si 214, ilhali tukifungua faili tunaikuta mistari 214. Ya tatu inasema orodha hailingani na ile tunayoitarajia, ingawa majina yote yamo. Tumefuta kila kitu na kukipakua upya mara mbili bila mafanikio. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Kupakua upya hakuwezi kuwasaidia, kwa sababu kinachotofautiana hakimo ndani ya programu yenu. Kimo kwenye kompyuta zenyewe. Amri mnayoiita sed huko Lindi na ile unayoiita sed hapo Mtwara zina jina moja, lakini ziliandikwa na watu tofauti. Ubuntu kwa miaka mingi imetumia zana za mradi wa GNU, uliotangazwa mwaka 1983, na MacBook hutumia zaidi zana za ukoo wa BSD, ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Kiwango cha POSIX, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1988, kinaeleza yale ambayo zana zote zinapaswa kuyafanya kwa namna moja. Nje ya hapo kila ukoo umejiongezea mambo yake. Ili kujua mnatumia ipi, andikeni `sed --version`: ya GNU itataja toleo lake, na ya MacBook italalamika kwamba haijui chaguo hilo.

Testi ya kwanza imenaswa na chaguo la `-i`, ambalo hurekebisha faili papo hapo na halimo katika POSIX. Kwa GNU, kiambishi cha jina la nakala ya akiba si lazima, na kikiwekwa hubandikwa kwenye `-i` bila nafasi. Kwa BSD kiambishi ni lazima, kwa hiyo mnapoandika `sed -i 's/;/,/' mizani.csv`, sed ya mwenzako huchukua `s/;/,/` kuwa ndicho kiambishi, kisha husoma `mizani.csv` kana kwamba ndiyo maagizo, na ikikutana na herufi m inakwama. Wengi hukimbilia kuandika `-i ''`, jambo linaloiponya MacBook na kuivunja Ubuntu, maana GNU huichukua `''` kuwa ndiyo maagizo, tena matupu, na kuanza kutafuta faili linaloitwa `s/;/,/`. Andikeni matokeo kwenye faili jipya, halafu mlihamishe kwa `mv` lichukue nafasi ya lile la zamani. Nawasihi msielekeze matokeo kwenye faili lile lile linalosomwa, kwa sababu sheli hulifuta kabla sed haijaanza kazi, na takwimu za mizani zitakuwa zimepotea.

Ya pili ni nyepesi. `wc -l` ya BSD hutanguliza nafasi tupu kabla ya namba, na testi yenu inalinganisha maandishi badala ya tarakimu. Tumieni `-eq`, inayolinganisha namba, mahali pa alama ya `=`.

Testi ya tatu ndiyo ninayotaka muiangalie kwa makini kuliko zote, kwa sababu inagusa fedha za watu. Amri ya sort hupanga kwa kufuata lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Chini ya `en_US.UTF-8` (Kiingereza cha Marekani) kwenye Ubuntu, jina la nanyamba lililoandikwa kwa herufi ndogo hutangulia Newala na Tandahimba. Chini ya `C`, mpangilio wa msingi usiofuata lugha yoyote, herufi kubwa zote hutangulia ndogo, hivyo nanyamba hiyo hiyo husukumwa hadi mwisho. Endesheni amri ya `locale`, inayoonyesha lugha iliyowekwa, kwenye kompyuta zote mbili mlinganishe majibu. Orodha ikichapishwa tu kwenye karatasi, tofauti hii haina madhara, lakini `comm` na `join`, amri za kulinganisha na kuunganisha orodha mbili, hudhani kwamba orodha zote mbili zimepangwa kwa utaratibu mmoja. Mkichukua orodha ya waliopima korosho iliyopangwa Lindi na kuilinganisha na orodha ya malipo iliyopangwa Mtwara, mkulima aliyemo katika zote mbili anaweza kutokea kama hayumo katika mojawapo, na si kila toleo la zana hizi linalotoa onyo.

Wekeni `export LC_ALL=C` mwanzoni mwa skripti ili kompyuta zote zifuate mpangilio wa `C`, na sahihisheni herufi kubwa na ndogo wakati karani anapoingiza jina. Kununua kompyuta zinazofanana hakutoshi. Maktaba ya glibc inayotumika kwenye Ubuntu ilibadilisha upangaji wake katika toleo la 2.28 la Agosti 2018, hata `1-1` na `11` zikabadilishana nafasi. Namba za stakabadhi zenye kistari zinaangukia hapo hapo.

Utashauriwa kumwekea mwenzako zana za GNU kupitia Homebrew, programu ya kusakinisha zana kwenye MacBook, ambako sed huitwa gsed. Kwa dharura ya siku moja sipingi. Lakini skripti itakayofika kwenye kompyuta ya ghala huko Tandahimba haitamkuta fundi wa kuisaidia, kwa hiyo ni bora itegemee POSIX peke yake, na testi ziendeshwe kwenye mifumo yote miwili kila mnapobadilisha kitu, kuanzia sasa hadi minada ya Oktoba. Hesabu za tarehe zihamishieni ndani ya programu yenyewe, kwani `date -d` ya GNU na `date -v` ya BSD hazina njia ya kupatana.

Ikiwa testi ya tatu itaendelea kufeli baada ya hayo, chukueni mstari wa kwanza unaotofautiana mkaupitishe kwenye `od -c`, inayoonyesha hata herufi zisizoonekana. Mkiona `\r` mwishoni, faili hilo lilihifadhiwa kwenye Windows, na `tr -d '\r'` itaiondoa herufi hiyo kwenye kompyuta zote mbili kwa namna ile ile.