Niletee anayehema

Februari mwaka juzi kambale wangu wa Kitunda walianza kufa, wawili watatu kila alfajiri, matumbo yamevimba na ngozi ya chini ina wekundu. Jirani akasema ni dawa ya maji ya bomba. Nikabadilisha maji. Nikatia chumvi. Nikamwaga hata dawa ya kuku, jambo ninalolionea aibu hadi leo. Wakaendelea kufa.

Nikapeleka mizoga mitatu kwa mtaalamu wa mifugo. Mkasi hakuushika. "Dada, huu ni uozo, si ugonjwa. Niletee anayehema." Kwa joto la Dar, samaki aliyekufa usiku, asubuhi utumbo wake umeshakuwa uji mwekundu, ukimpasua utaona ugonjwa ambao hakuwa nao.

Siku hizi namvua anayezubaa juu ya maji, pamoja na mzima mmoja wa kulinganisha. Inauma kumpoteza huyo mzima, lakini bila yeye hutajua kawaida ikoje. Utumbo wa sato ni mwembamba na mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Nimeshamwona mtu akiapa kuwa ni minyoo. Anza kukata karibu na njia ya haja kwenda mbele, ncha ya mkasi uinyanyue usije ukatoboa. Nyongo ikiwa kubwa na imejaa, samaki hajala kwa muda. Utumbo mtupu, una ute wa njano na kuta nyekundu? Hapo utumbo una ugonjwa kweli. Ukwanguliwe ungali mbichi, uangaliwe kwa darubini.

Wa kambale wangu haukuwa mtupu. Ulijaa chakula kisichosagika, umetunishwa na gesi, na mmoja ulishapasuka. Kambale ukimmwagia anameza tu; kinachobaki bila kumeng'enywa bakteria hukichachusha humo humo. Nami nilikuwa nawashindilia ili niwahi soko la Pasaka! Nikawafungisha siku mbili, kisha nikapunguza mgao na kuugawa mara tatu kwa siku. Wiki haikuisha, vifo vikakoma.

Wafugaji wa trauti, samaki wa maji baridi, huanzia kwenye kinyesi: maji yakipanda kupita nyuzijoto 15 na vipande vya ute vikaanza kuelea, wanashuku utumbo. Trauti hawezi kuishi kwenye bwawa langu la turubai, lakini zoea lao nimelichukua. Kabla ya kulisha nachungulia kwanza kinachoelea, na nikiona kinyesi cheupe kirefu kama uzi, ndoo ya chakula inarudi stoo.