Usijenge kibanda uwanjani: jinsi ya kuchagua poti ya programu ya seva

Programu ya seva iliyoandikwa Kisumu haiishii Kisumu. Leo inahesabu lita za maziwa za ushirika mmoja wa Njoro, mwezi ujao imewekwa kwenye seva ya kukodi, halafu inajikuta kwenye kompyuta ya zahanati huko Bondo, chini ya meza ya mapokezi, pamoja na programu nyingine tatu ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa na nani. Nambari ya poti, yaani mlango ambao programu husikilizia maombi ya mtandao, uliyoandika siku ya kwanza husafiri nayo kote huko. Fundi anayesakinisha haigusi, huiacha alivyoikuta. Kwa hiyo nambari ya msingi huchaguliwa kwa ajili ya mashine usiyoijua, wala si kwa laptopu yako. (Tunasema poti. Ukisema bandari hapa Kisumu, watu wanatazama ziwani.)

Uwanja ulivyogawanywa

Nambari ya poti hukaa kwenye biti 16, ndiyo maana zipo kuanzia 0 hadi 65535. Daftari la IANA, shirika linalotunza nambari za intaneti, linazigawa mara tatu: 0 hadi 1023 za mfumo, 1024 hadi 49151 za kusajiliwa, na 49152 hadi 65535 ambazo hasajiliwi mtu. Mgawanyo huo umeelezwa kwenye RFC 6335 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2011. Wengi husoma hadi hapo, wakaamua kwamba chochote kilicho chini ya 49152 ni salama. Kwenye Linux si salama, na kosa hili ndilo linalokula siku za mafundi kuliko mengine yote.

Programu yoyote inapoanzisha muunganisho kwenda nje, iwe ni kuuliza hifadhidata, kutuma nakala ya akiba au kuchota masasisho, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) huipa poti ya muda upande wake. Linux, isipobadilishwa, huzichota poti hizo kati ya 32768 na 60999, yaani nambari 28,232. Hakikisha mwenyewe:

`cat /proc/sys/net/ipv4/ip_local_port_range`

Windows tangu Vista hutumia 49152 hadi 65535. Zile kuukuu, XP na Server 2003, zilitumia 1025 hadi 5000.

Anayejua Kibuye siku ya Jumapili ataelewa haraka. Kuna vibanda vyenye wenyewe, na kuna uwanja ambapo kila mwenye turubai hutandaza mitumba anapopata nafasi. Ukijenga kibanda chako cha kudumu pale uwanjani, siku nyingi utafungua bila shida. Kisha asubuhi moja unafika, mtu ametandaza hapo hapo, na hajakosea.

Kwenye seva mambo huwa hivi. Stima inapotea, inarudi, mashine inawaka, na programu zote zinaamka kwa pamoja. Wakala wa ufuatiliaji anawahi kuunganisha nje, kerneli inampa 35357. Sekunde mbili baadaye programu yako inaiomba 35357 ili isikilize, inajibiwa `Address already in use`, inakufa. Fundi anaandika `ss -ltnp` na haoni mtu yeyote kwenye nambari hiyo, kwa sababu herufi `l` huonyesha wanaosikiliza tu, na mvamizi hasikilizi, anaongea. Amri inayomfichua ni hii:

`ss -tanp | grep ':35357'`

Akiiwasha mashine upya, tatizo linatoweka, basi tiketi inafungwa kwa maneno "imejirekebisha". Halijajirekebisha. Litarudi siku nyingine likipata bahati.

Sikuchagua 35357 ovyo. Ilikuwa poti ya usimamizi ya Keystone, huduma ya utambulisho ya OpenStack, mkusanyiko wa programu za kuendesha wingu. Ilisajiliwa kihalali IANA, ila ikaangukia ndani ya eneo la muda la Linux, na maelekezo ya usakinishaji yakalazimika kuwaambia watu waitenge kwenye kerneli:

`sysctl -w net.ipv4.ip_local_reserved_ports=35357`

Ukirithi programu ya namna hiyo, weka mstari huo kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` ili udumu mashine ikizimwa. Angalia mambo mawili: kuandika thamani mpya hufuta orodha iliyokuwepo, hivyo soma kwanza kilichomo, na kutenga huko huizuia kerneli tu kugawa nambari hiyo yenyewe, hakumzuii anayeiomba kwa kuitaja. Ila kwa programu mpya, kumdai kila mteja aguse kerneli ni kumtwika mzigo wako.

Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, nayo ina eneo lake la NodePort (poti za kufikia huduma kutoka nje), 30000 hadi 32767, linaloishia pale pale poti za muda za Linux zinapoanza. Ukiondoa hilo pia, unabaki na 1024 hadi 29999. Ni nafasi tele.

Nambari za kuruka

8080, 8000, 3000, 5000 na 9090 zina foleni. Tomcat na Jenkins zote huanza na 8080. Grafana ni 3000, na zana nyingi za kutengenezea tovuti pia. Prometheus na Cockpit zinagombania 9090. Flask hutumia 5000, na tangu macOS Monterey ya 2021, Mac yenyewe huishika 5000 kwa ajili ya AirPlay. Acha pia 3306, 5432, 6379 na 27017, kwa kuwa MySQL, PostgreSQL, Redis na MongoDB huenda zitakuwepo kwenye mashine hiyo hiyo. (6379 ni MERZ kwenye vitufe vya simu ya zamani. Chanzo cha nambari kinaweza kuwa mzaha, ilimradi iangukie mahali pazuri.)

Kuna mtego ambao `curl`, amri ya kujaribia seva, haiuonyeshi. Vivinjari hukataa kabisa poti fulani. Chrome ukiipa `http://192.168.1.10:6000` inajibu `ERR_UNSAFE_PORT`, hata kama seva ni nzima, kwa sababu 6000 ni ya X11, mfumo wa madirisha wa Unix. Nyingine zilizofungiwa ni 2049, 5060, 5061, 6665 hadi 6669, na 10080. Hiyo ya mwisho hunasa watu wengi, maana inaonekana kama 80 iliyovaa koti.

Halafu 9100. Ni poti ambayo printa za mtandao hupokelea kazi ghafi, na pia ndiyo ya msingi ya node_exporter, programu inayotoa takwimu za mashine kwa Prometheus. Ukikosea IP ya mashine unayotaka kuifuatilia, printa ya ofisi ya Sacco itatoa karatasi zenye `GET /metrics` kila baada ya sekunde kadhaa.

Kuchagua yenyewe

Hesabu kwanza unahitaji poti ngapi. Jibu karibu kila mara ni moja. Usitenge moja ya umma na nyingine ya usimamizi, moja ya toleo la kwanza na nyingine la pili, moja wazi na nyingine iliyosimbwa. RFC 7605 ya 2015 inashauri hivyo hivyo: tofauti za toleo na usalama zishughulikiwe ndani ya itifaki. Kwa huduma ya HTTP, tumia njia: `/v1`, `/admin`, `/metrics`. Keystone nayo, kwenye DevStack (OpenStack ya majaribio), sasa hufikiwa kwa `/identity` kwenye poti ya kawaida ya wavuti. Kila poti ya ziada ni barua nyingine kwa mtu wa fayawoli wa mteja, na barua hiyo hujibiwa baada ya wiki.

Kisha tafuta nambari tulivu kati ya 1024 na 29999. Tuseme umefikiria 18472 (ni mfano tu, usiibebe ilivyo):

`grep -w 18472 /etc/services`

Ikinyamaza, tafuta kwenye daftari la IANA, halafu kwenye orodha ya poti zilizofungiwa na vivinjari. Kwenye Windows endesha pia `netsh int ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`, maana Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows, hujitengea mafungu ya poti kimya kimya, na programu yako itagonga kosa 10013 ingawa hakuna anayesikiliza.

Jaribio la mwisho halina amri: itamke kwa simu. Zahanati nyingi hazina jina la kikoa kwenye mtandao wa ndani, hivyo muuguzi wa Siaya ataandika anwani pamoja na poti huku fundi akimsomea kutoka Kakamega. 8088 na 8808 zitachanganywa. Nambari isiyojirudia tarakimu husikika vizuri zaidi.

Programu ikishaanza kutumiwa na watu usiowajua, omba usajili IANA. Fomu iko mtandaoni, mtaalamu huipitia, na watakuuliza kwa nini poti moja haikutoshi. Programu ya ndani ya kampuni moja haihitaji usajili.

Nje ni 443

Nambari uliyochagua ni ya ndani. Watu wa nje waingie kwa 443, poti ya HTTPS. Mitandao ya wageni ya hoteli na ofisi nyingi huruhusu 80 na 443 basi, na afisa wa mashinani akikaa Nakuru mjini na tableti yake hana njia ya kumbembeleza msimamizi wa Wi-Fi. Majibu ya malipo ya M-Pesa nayo yanataka anwani ya HTTPS. Ukipitisha huduma kwa Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya wageni na seva yako, poti zake za HTTPS ni 443, 2053, 2083, 2087, 2096 na 8443, nyingine haipiti.

Usiendeshe programu kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) eti ili ishike 443. Weka seva ya wavuti kama nginx au Caddy mbele, ipokee 443 na kuipeleka kwa `127.0.0.1` na poti yako. Kama lazima programu ishike yenyewe, `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE` kwenye faili la systemd (kinachoanzisha huduma za Linux) inatosha. Na nginx ikikataa kusikiliza kwenye poti isiyo ya kawaida kwa `Permission denied` licha ya kuanzishwa na root, mtazame SELinux, mlinzi wa ziada wa Linux:

`semanage port -a -t http_port_t -p tcp 18472`

Anwani, si poti tu

Anwani ya msingi iwe `127.0.0.1` (mashine yenyewe tu), wala si `0.0.0.0` (anwani zote). Mwenye kutaka kuifungulia dunia ataandika mwenyewe. Docker, zana ya kuendesha kontena, ina tundu lake hapa: `-p 5432:5432` hufungua hifadhidata kwa anwani zote, na sheria zake za iptables hupita kando ya ufw (fayawoli ya Linux), kwa hiyo `ufw status` inaweza kukuonyesha mlango umefungwa ilhali uko wazi. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`. Kuhamisha huduma hadi nambari ya ajabu si ulinzi. Hupunguza kelele kwenye logi, lakini wanaopekua poti zote 65,536 hawachoki.

Ruhusu nambari ibadilishwe bila kugusa msimbo: chaguo la mstari wa amri lishinde kigezo cha mazingira, nacho kishinde faili la mipangilio. Kigezo kiite `PORT`, maana majukwaa ya wingu ya Heroku na Cloud Run hutumia jina hilo. Poti ikiwa imeshikwa, programu ife kwa sauti na itaje nambari, anwani na jina la kigezo cha kubadilisha. Tabia ya kuruka kimya kwenda nambari inayofuata inafaa kwenye laptopu ya mtengenezaji. Kwenye seva, nginx itaendelea kugonga mlango wa zamani na watumiaji wataona kosa 502.

Ukigundua umechelewa na nambari mbaya tayari iko kwa wateja, usiihamishe kwa toleo moja. Hifadhidata ya etcd ilipotoka 4001 na 7001 kwenda 2379 na 2380, kwa muda ilisikiliza ya wateja kwenye 2379 na 4001 kwa pamoja. Fanya hivyo: sikiliza zote mbili, andika onyo kwenye logi kila anapoingia mtu kwa mlango wa zamani pamoja na IP yake, na ufunge logi ikinyamaza mwezi mzima, ukijumlisha siku za mwisho wa mwezi ambapo Sacco hufunga hesabu na mashine zisizowashwa siku nyingine huwashwa.